Fahamu: Udaktari, utabibu, au uombe vyote viwili?

Jijini Mwanza, kutoka Mkolani hadi kilima cha Bugando si mbali, lakini kwa aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) safari ya kuingia CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo hapo Bugando, kusomea udaktari ni ndefu. Shahada huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Stashahada ya utabibu ni miaka 3. Sifa ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada hiyo ni D tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6, ila wenye alama za juu nao wanagombea viti hivyohivyo. Mwenye D tatu akiomba shahada peke yake anajiweka pabaya. Aombe na utabibu.

Watu watasema mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli kwa anayesoma kozi mbili, si kwa anayetuma maombi mawili. Hoja nzito ni kwamba tabibu atabaki chini ya daktari maisha yake yote. Si lazima: tabibu mwenye wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba udaktari, mradi cheti cha kidato cha nne kina angalau D ya Hisabati, Kiingereza, Kemia, Biolojia na Fizikia. Hapa ndipo F moja ya Hisabati, iliyosahaulika kabatini, humkwamisha mtu. Afadhali airudie mapema. Njia hiyo ya utabibu kwanza kisha udaktari hufika miaka 9 pamoja na mafunzo kwa vitendo, nami sitalificha hilo. Lakini tabibu anahitajika hata kabla ya kuwa daktari: katika vituo vingi vya afya visiwani Ukerewe, mtoto mwenye degedege usiku hupokewa na tabibu.