Meza ya pool ya sarafu

Meza ya pool ya sarafu ni meza ya mchezo wa pool ambayo huifungia mipira ndani yake na kuitoa baada tu ya mchezaji kuingiza sarafu. Ilienea katika baa za Marekani na Uingereza katikati ya karne ya 20, na leo ndiyo aina inayoonekana zaidi katika baa na vibanda vya mitaani nchini Tanzania, ikiwemo Kariakoo, Ilala na maeneo mengine ya katikati ya Dar es Salaam.

Katika kumbi zenye meza za kawaida mteja hulipia saa. Meza ya sarafu inauza mchezo mmoja, uwe wa dakika tano au arobaini, na karibu kila tofauti ya kimuundo inatokana na jambo hilo.

Jinsi inavyofanya kazi

Chini ya kila shimo kuna mfereji wenye mteremko. Mpira ulioingia huteremka hadi kwenye chumba kilichofungwa, ambacho mara nyingi kina kioo ili wachezaji waone mipira iliyokwisha kufungwa. Sarafu ikiwekwa kwenye kitelezi na kusukumwa, wenzo hufungua lango na mipira yote hutoka pamoja.

Mpira mweupe hauwezi kufungiwa hivyo, kwa kuwa ukitumbukia kwa bahati mbaya lazima urudi mchezoni. Kwa hiyo meza inapaswa kuutambua. Meza nyingi za Uingereza hutumia mweupe mdogo: mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 51, mweupe takribani 48, hivyo hupita penye nafasi ambayo mingine haipiti. Baadhi ya meza za Marekani zilitumia mweupe mkubwa kuliko mingine, na wachezaji waliulalamikia kwa uzito wake. Njia nyingine ni kuweka chuma ndani ya mpira mweupe ili sumaku iuvute kwenye mfereji wake.

Kitelezi hupima upana na unene wa sarafu. Tanzania ilianza kutumia sarafu ya shilingi 200 mwaka 1998 na ya shilingi 500 mwaka 2014. Kitelezi kilichochongwa kwa moja hakifai kwa nyingine. Kupandisha bei ya mchezo basi si suala la kubandika tangazo tu. Baadhi ya wamiliki hukwepa usumbufu huo kwa kuuza tokeni.

Tofauti na meza ya kawaida

Meza ya mashindano ya futi 9 ina uwanja wa sentimita 254 kwa 127. Ya sarafu kwa kawaida ni ya futi 7, au 6. Kwa fimbo ya sentimita 145, ya futi 9 huhitaji chumba cha mita 5.4 kwa 4.2 hivi, ya futi 7 hutosheka na mita 4.9 kwa 3.9. Kariakoo, ambako kila hatua ya fremu ya duka inalipiwa kodi, tofauti hiyo ni kubwa. Penye ukuta karibu huwekwa fimbo fupi.

Kanuni nazo hubadilika. Katika kanuni za kimataifa za mipira minane, mpira namba 8 ukiingia kwenye pigo la kufungulia unaweza kurudishwa mezani. Kwenye meza ya sarafu haurudi bila kulipa tena, kwa hiyo kila baa ina uamuzi wake, na ni busara kuuliza kabla ya kuanza.

Nchini Tanzania

Mara nyingi mmiliki wa meza si mwenye baa. Yeye hushika ufunguo wa kisanduku cha fedha, huja kuhesabu, kisha wanagawana. Anayeshinda hubaki mezani, na anayefuata ndiye hutoa sarafu. Hivyo kijana hodari anaweza kucheza jioni nzima kwa mchezo mmoja wa kulipia.

Meza hizi zimezua ubishi kuhusu vijana kushinda vijiweni. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea hadharani uchezaji wa pool saa za kazi. Hata hivyo pool ni mchezo wenye chama chake, TAPA, na mashindano ya kitaifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager yalishirikisha klabu zilizoanzia kwenye baa.