Jina Lililotoka Kijiji Kimoja

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu, na wale walio nyuma wasogee karibu na redio.

Mnakumbuka neno la kwanza mlilojifunza kuandika? Kwa wengi wenu lilikuwa jina lenu wenyewe. Kwanza jina lako, kisha la baba, na aliyekwisha kuzoea kalamu akaongeza la babu. Salumu Juma Hamisi. Sasa tazama. Mtoto wa Salumu, tuseme Asha, ataitwa Asha Salumu Juma. Hamisi hayumo tena. Kila kizazi majina yanasogea hatua moja, na la mwisho linatoka katika karatasi.

Waingereza hawafanyi hivyo. Kwao jina la mwisho halisogei. Baba ni Smith, mwana ni Smith, mjukuu ni Smith, hata ikapita miaka mia sita. Jina la namna hiyo twaliita jina la ukoo. Hata kwetu wako wenye desturi inayofanana na hiyo. Ukikutana na mtu aitwaye Massawe au Mushi, huna haja ya kumwuliza kwao ni wapi. Wajua ni Mchaga, na asili yake ni Kilimanjaro.

Leo twataka kujua majina ya ukoo ya Waingereza yalitoka wapi, hasa yale machache, ambayo hata Mwingereza akiyasikia humwomba mwenyewe ayarudie. Na tukifika mwisho mtasikia habari ya jina moja dogo la huko lililokuwa na siri ya Afrika ndani yake.

Hapo kale Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa, wakaipiga Uingereza na kuitawala. Wakubwa wao walikuwa wakijiita kwa majina ya mashamba na ngome zao, na kwa kuwa mwana hurithi shamba, alirithi na jina pia. Polepole desturi hiyo iliwashukia watu wadogo. Ilichukua kama miaka mia tatu.

Kitu kimoja kilichosaidia kuyakaza majina hayo ni kitu ambacho wazee wetu wanakijua vizuri: kodi ya kichwa. Waingereza walitozwa kodi hiyo mwaka 1377, tena mwaka 1379, tena mwishoni mwa mwaka 1380. Ile ya mwaka 1379 ilimtaka kila aliyepita miaka 16, na mtu maskini alitoa peni 4. Basi fikiri karani amefika kijijini, anakuta wanaume saba wote waitwao John. Atajuaje nani amelipa na nani amejificha? Lazima aandike na neno la pili. Huyu ni John mhunzi. Huyu ni John mwana wa William. Huyu ni John wa kilimani. Huyu ni John mfupi. Watu waliichukia sana kodi ile, na mwaka 1381 wakaasi. Kiongozi wao mmoja aliitwa Wat Tyler, yaani Wat fundi wa kuezeka vigae.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye tofauti kati ya jina la watu wengi na jina la watu wachache. Smith maana yake ni mhunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina hilo lilizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Watu walipohesabiwa nchini humo mwaka 1881, wenye jina la Smith walipita 400,000. Watu hao hawana babu mmoja. Wazee wao walikuwa na kazi moja tu.

Lakini jina la mahali ni jambo jingine. Kama uko Tanga, hakuna atakayekuita "yule wa Tanga", kwa sababu wote mlioko pale ni wa Tanga. Utaitwa hivyo siku utakapohamia Dodoma. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waingereza. Mtu aliacha kijiji chake, akaenda kukaa kijiji cha pili au mji wa karibu, na huko wakamwita kwa jina la kule alikotoka. Ikiwa kijiji kile kilikuwa kidogo, na watu waliotoka wakaitwa hivyo ni mmoja au wawili tu, basi jina likaanza na mtu mmoja au wawili tu.

Tuchukue mfano wa jina Attenborough. Andikeni kama mnaweza, A, T, T, E, N, B, O, R, O, U, G, H. Msishangae urefu wake. Ni jina la kijiji kilicho kando ya mto Trent, karibu na mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza. Kile kipande cha mwisho, "borough", zamani kilikuwa neno la boma. Huenda mmoja wenu amepata kuona filamu za wanyama za bwana David Attenborough, aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1966 bwana huyo alialikwa kufungua hifadhi ya ndege katika mashimo ya kokoto yaliyojaa maji pale pale Attenborough. Yeye hakuzaliwa hapo, bali jina lake lilirudi nyumbani siku ile.

Jina hili halina sura moja. Wako waliojiandika Attenborrow, na wako Attenburrow. Je, ni koo tatu? Hapana. Kwa miaka mingi mwenye jina hakujua kusoma. Alisema jina lake kwa mdomo, karani au padre akaandika alichokisikia, na mwenyewe hakuweza kumwambia, "Bwana, umekosea herufi." Kuanzia mwaka 1538 padre wa kila mtaa wa kanisa aliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi katika daftari. Kuanzia mwaka 1754 sheria ilitaka bwana arusi na bibi arusi watie sahihi zao wenyewe. Asiyejua aliweka alama, mara nyingi msalaba mdogo, na padre akaandika jina kando yake. Hata mwaka 1840, theluthi moja ya wanaume waliooa Uingereza waliweka alama, na wanawake karibu nusu. Hebu wafikirieni watu hao wote. Jina lako liko mbele yako, limekosewa, nawe hulioni kosa. Mtoto wako atarithi kosa lile, na wajukuu watadhani wao ni ukoo mwingine.

Mtu atauliza: ikiwa jina lilianza na mtu mmoja miaka mia sita iliyopita, mbona bado wenye jina ni wachache? Sababu kubwa ni bahati tu. Jina hushika njia ya watoto wa kiume. Mtu akiwa na mabinti sita na hana mwana, damu yake itaendelea vizuri sana katika nyumba sita, bali jina lake litakufa siku atakapokufa. Mwaka 1874 mabwana wawili, Francis Galton na padre mmoja aitwaye Henry William Watson, waliifanyia jambo hilo hesabu. Walionyesha kwamba majina mengi hufa hata kama watu hawapungui, hakuna tauni wala vita. Majina mengi ya kale ya Waingereza yamekwisha kwa njia hiyo. Yaliyobaki machache ni yale yaliyoponea chupuchupu, mwana mmoja hapa, wana wawili pale.

Jina kama hilo halitembei mbali upesi. Yuko bwana mmoja, Henry Brougham Guppy, aliyekuwa daktari wa meli, ambaye mwaka 1890 alitoa kitabu juu ya makao ya majina ya ukoo. Naipenda sana akili yake. Hakutaka kuhesabu watu wa mijini, kwa sababu mjini huja kila mtu. Alihesabu wakulima peke yao, akisema mkulima ndiye asiyehama ovyo. Akachukua vitabu vya orodha za wakulima wa kila jimbo, akatazama katika kila wakulima 10,000 jina fulani lina watu wangapi. Aliona majina kadha wa kadha yamejaa katika jimbo moja na hayamo kabisa katika majimbo ya mbali. Siku hizi wataalamu hutumia orodha ya watu wote ya mwaka 1881. Huchora ramani ya nchi, wakatia rangi nzito palipo na wenye jina wengi. Ukimtia rangi Smith, ramani nzima inachafuka. Ukitia rangi jina chache la mahali, waona doa moja zito, na pembeni vidoa vidogo kwenye miji ya viwanda, walikokwenda vijana kutafuta kazi. Doa zito mara nyingi liko mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka kijiji chenyewe.

Hayo yote ni ya karatasi. Lakini karatasi yaweza kudanganya, kwa hiyo wataalamu wakaenda kuuliza damu.

Ndani ya mwili wa kila mtu mna nyuzi za urithi, nyembamba kupita kiasi, ziitwazo kromosomu. Uzi mmoja huitwa Y. Wanao wanaume tu. Baba humpa mwanawe wa kiume uzi huo karibu bila kubadilika, kama vile Mwingereza anavyompa mwanawe jina lake. Mara chache hutokea kosa dogo la kunakili, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni akaruka herufi moja, na kosa hilo hurithiwa. Kwa makosa hayo mtaalamu hutambua nani na nani walikuwa na babu mmoja, na yapata vizazi vingapi vilivyopita.

Katika Chuo Kikuu cha Leicester, bibi Turi King na bwana Mark Jobling waliifanya kazi hiyo. Mwaka 2006 walieleza habari za jozi 150 za wanaume wenye jina moja wasiojuana kuwa ndugu. Kama robo ya jozi hizo walikuwa na babu mmoja wa karibu miaka hiyo ya majina. Kwa majina machache, ilikaribia nusu. Mwaka 2009 wakatoa kazi kubwa zaidi, wanaume 1,678 wa majina 40. Akina Smith hawakufanana kuliko watu uliowaokota njiani. Bali akina Attenborough, pamoja na wale walioandikwa kwa herufi nyingine, walikuwa wengi wao watu wa uzi mmoja. Makosa ya makarani hayakuweza kuwatenganisha.

Sasa tufike kwenye ile habari niliyowaahidi. Ilitolewa mwaka 2007, na wataalamu wale wale pamoja na wenzao. Katika kupima wanaume wa Uingereza, walimkuta Mwingereza mmoja mwenye uzi wa aina ambayo walikuwa wameizoea kwa Waafrika tu, nao ulilingana na ule wa watu wa Afrika ya Magharibi. Aina hiyo ilikuwa haijapata kuonekana kwa mwenyeji yeyote wa Ulaya ya Magharibi. Na mtu huyu alikuwa na jina la ukoo chache sana, la mashariki ya jimbo la Yorkshire. Jina lenyewe wataalamu hawakulitoa, ili wenyewe wasisumbuliwe. Nadhani walifanya vema. Jina la Smith ungalitaja na mtu asijulikane. Jina chache ukilitaja, umekwisha kuonyesha nyumba.

Wakatafuta wanaume wengine wenye jina lile. Walipima 18. Saba kati yao walikuwa na uzi ule wa Afrika. Wengine kumi na mmoja hawakuwa nao, na hilo si ajabu: jina huweza kupita kwa mtoto wa kulelewa, au mtoto akapewa jina la upande wa mama, au jina likaanza na watu zaidi ya mmoja. Wale saba walipofuatwa katika madaftari ya makanisa, walionekana kuwa milango miwili, na wazee wa milango hiyo waliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya kumi na nane. Hapo karatasi zikakoma. Hazikuonyesha kama wazee wale wawili walikuwa ndugu. Ni ule uzi ndio ulioonyesha: walikuwa na babu mmoja, vizazi vichache nyuma yao.

Mwafrika alifikaje Yorkshire? Njia zilikuwapo zaidi ya moja. Warumi, waliokuwa wakiitawala nchi ile, waliweka kikosi cha askari kutoka Afrika ya Kaskazini kwenye ukuta wao wa mpakani, katika karne ya tatu. Mwaka 1511 mpiga tarumbeta mweusi, John Blanke, alipiga mbele ya mfalme Henry wa Nane. Baadaye merikebu za biashara ya watumwa zilileta wanaume, wanawake na watoto wa Afrika ya Magharibi katika bandari za Uingereza, nao wakawa watumishi na mabaharia. Mmoja wa watu hao wa Afrika alizaa mwana na mwanamke wa huko. Mwana akaoa huko huko, na mwanawe vivyo hivyo, mpaka rangi ikapotea. Kilichobaki ni uzi usioonekana, na jina la Kiingereza.

Basi kazi yenu ya juma hili. Andikeni majina yenu, kisha la baba, la baba wa baba, na kuendelea nyuma mpaka mtakapokwama. Kando ya kila jina andikeni mahali alipozaliwa mwenyewe. Mkiwa na wazee nyumbani, waulizeni, na jina la kigeni kwenu waombeni walitamke mara mbili kabla hamjaliandika. Mwalimu wa darasa atayasoma madaftari siku ya mkutano wenu ujao. Kwaherini.