Kijistari Mbele ya Mabano

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina fisi wala sungura. Ina kijistari kimoja tu, nacho kimewaliza watoto wengi kuliko zimwi.

Tuko Kapkatet, kwenye barabara itokayo Litein kwenda Sotik, huko ambako kila ukigeuka macho yanatua kwenye chai. Ni alasiri, mvua imeanza kupiga mabati, na msichana wa Gredi ya 9 ameketi mezani na daftari la hisabati. Tumwite Cherono. Angeweza kuwa Kiprono, na angeweza kuwa wewe unayesoma. Cherono si mzito wa kichwa. Ukimtuma dukani, chenji anaijua kabla mwenye duka hajashika kikokotoo. Lakini tangu herufi x ziingie daftarini, wino mwekundu hauishi, naye ameanza kusema neno ambalo huniuma kulisikia kinywani mwa mtoto: "Mimi hisabati hainiingii."

Tuitazame kazi yake taratibu. Swali lilikuwa hili:

(5x² − 3x + 4) − (2x² − 7x + 6)

Cherono akajibu:

3x² − 10x + 10

Hesabu kama hizi, zenye x na vipeo vyake vikijumlishwa na kutolewa, huitwa polinomia. Jina ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Unachotakiwa ni kuweka x² pamoja na x², x pamoja na x, na namba tupu pamoja na namba tupu, bila kuzichanganya. Hilo Cherono alilijua na alilifanya.

Sasa fuata kalamu yake. 5x² toa 2x² ni 3x². Sawasawa. Akaendelea, akakuta −3x huku na −7x kule, akaziweka pamoja: −10x. Akakuta 4 na 6: 10. Ukimsahihisha kwa haraka utasema amekosea kila kitu. Ukimsahihisha kwa subira utaona kosa ni moja tu. Kile kijistari kilichosimama kati ya mabano mawili kiliigusa 2x², kikaishia hapo, na −7x na 6 zikapita bila kuguswa. Mtoto huyu alikosa hatua moja, na mtu aliyekosa hatua moja hafundishwi upya kitabu kizima. Anaonyeshwa hatua ile.

Kaka yake alikuwa nyumbani, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, mwenye moyo wa kusaidia. Akachungulia daftari, akasema, "Cherono, hii ni rahisi. Hasi na hasi ni chanya. Shika hivyo tu."

Cherono akashika. Swali lililofuata lilikuwa −3x − 7x, akaandika +10x.

Mnaona msaada ulivyogeuka mtego? "Hasi na hasi ni chanya" ni usemi uliokatwa nusu, kwa sababu haukusema hasi hizo zinafanywa nini. Zikizidishwa, jibu ni chanya. Deni likiondolewa, faida ni chanya. Lakini ukiwa na deni la 3 ukaongeza deni la 7, una deni la 10, na hakuna kanuni itakayokuokoa. Nimewaona watoto wengi werevu wakiibeba kanuni hiyo fupi kutoka darasa hadi darasa, wakiipaka kila mahali wanapoona vijistari viwili. Kama unamsaidia mwenzako, tafadhali usimpe kabla hajaona inatoka wapi.

Hapo ndipo Kogo, nyanya yao, alipoingia na karatasi yake ya malipo ya chai, akaomba asomewe. Kogo ni mkulima mdogo, kama maelfu ya wakulima wa Kericho na Bomet wanaouza majani kupitia viwanda vya shirika la chai la KTDA. Huchuma majani mawili na chipukizi, hupeleka kituoni yakapimwa, na mwisho wa mwezi hulipwa kwa kilo. Bonasi kuu huja mara moja kwa mwaka. Mbolea huchukuliwa kwa mkopo, kisha ikakatwa kidogo kidogo kwenye malipo. Kwa hiyo karatasi ya chai ina namba za aina mbili, zinazoingia na zinazokatwa.

Tuseme ya Kogo ilisema hivi: majani, shilingi 6,000. Mbolea, −2,500. Sacco, −1,000. Cherono akasoma bila kusita: "Kogo, unabaki na 2,500."

"Sasa," Kogo akauliza, "kama karani aliniandikia mbolea hiyo nayo si yangu, wakaifuta, nitabaki na ngapi?"

"Elfu tano."

"Mbona zimeongezeka? Mimi sijachuma hata jani moja zaidi."

Cherono akafikiri. "Kwa sababu wameondoa deni."

Kaka akachukua kalamu, akaandika alichosema dada yake:

2,500 − (−2,500) = 5,000

Hapo kuna vijistari viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Kile kilicho ndani ya mabano kinasema kitu hiki ni deni. Kile cha nje kinasema kitu hiki kiondolewe. Alama ni ile ile, nayo tunaitwika kazi mbili, kisha tunawashangaa watoto wanapochanganyikiwa. Mimi siwashangai hata kidogo.

Rudini sasa kwenye swali lililomshinda. Mabano ya pili yana vitu vitatu: 2x² inayoingia, 7x ya deni, na 6 inayoingia. Tumeambiwa tuviondoe vyote. Tukiondoa 2x², tumepungukiwa: −2x². Tukiondoa deni la 7x, tumepata: +7x. Tukiondoa 6, tumepungukiwa: −6. Andika yote kwenye mstari mmoja kabla ya kujumlisha chochote:

5x² − 3x + 4 − 2x² + 7x − 6

Mstari huu ndio wengi huuruka, na ndio ninaowasihi msiuruke hata mkiwa na haraka ya mtihani. Ukishauandika, kilichobaki ni kukusanya: 3x², kisha −3x na +7x ni 4x, kisha 4 na −6 ni −2.

3x² + 4x − 2

"Nitajuaje kama hii ndiyo sahihi?" Cherono akauliza. Swali hilo, wanangu, ndilo nililolisubiri tangu mwanzo. Mtoto anayeweza kujipima hamtegemei tena mwenye kalamu nyekundu.

Chagua namba yoyote, iweke mahali pa x. Tuchukue 2. Mabano ya kwanza: 5 mara 4 ni 20, toa 6, ongeza 4, tunapata 18. Mabano ya pili: 2 mara 4 ni 8, toa 14, ongeza 6, tunapata 0. Basi 18 toa 0 ni 18, na jibu lolote la kweli lazima nalo litoe 18. Jibu la kwanza la Cherono: 12 toa 20 ongeza 10, ni 2. Halikufika. Jibu la pili: 12 ongeza 8 toa 2, ni 18. Akacheka mwenyewe. Namba moja haitoshi kuthibitisha kila kitu, lakini kosa la alama hunaswa hivi mara nyingi sana, tena kwa nusu dakika.

Na kama bado unadhani kushindwa na kijistari ni aibu, sikiliza walioshindwa kabla yako. Miaka 1,700 hivi iliyopita, huko Aleksandria nchini Misri, aliishi Diofanto, mmoja wa wakuu wa aljebra ya kale. Alipokutana na mlinganyo 4x + 20 = 4, ambao jibu lake ni −4, aliona ni upuuzi. Wachina wa kale walikuwa tayari wakihesabu kwa vijiti, vyekundu vya chanya na vyeusi vya hasi. Huko India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni zake kwa lugha ya mali na deni, lugha ya Kogo kabisa. Kisha karne ya 12, mwenyeji wa Baghdad aitwaye al-Samaw'al aliandika kitabu cha aljebra akiwa na umri wa miaka 19. Alieleza jinsi ya kushughulikia polinomia zenye alama hasi, na akasema kwamba ukitoa hasi mahali pasipo na kitu, inabaki chanya yake. Kijana wa miaka 19, wanangu! Hata hivyo, zaidi ya miaka 600 baadaye, mwaka 1758, Mwingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kizima akipinga namba hasi. Wasomi walibishana karne na karne, nasi tunataka mtoto aelewe kwa kipindi kimoja kabla ya kengele kulia.

Kuna mahali pengine pawili ambapo kijistari hujificha, na ukimsaidia mwenzako utapakuta.

Pa kwanza ni kuweka namba hasi mahali pa x. Swali linasema: tafuta x² − 5x kama x ni −3. Mwanafunzi huandika −3² − 5 × −3, na fujo huanzia hapo. Mwambie aivalishe −3 mabano kila inapoingia: (−3)² − 5(−3). Sasa (−3)² ni −3 mara −3, yaani 9. Na 5(−3) ni −15, ambayo tunaiondoa, yaani tunaongeza 15. Jibu ni 24. Bila mabano, −3² husomwa kuwa 3² kwanza, ndipo kijistari kije, na inakuwa −9.

Pa pili ni kuzidisha, na hapa ndipo kanuni ya kaka inapostahili. Usimwambie mwenzako, mwache aione ikitoka. Mwandikie hivi, ashuke nayo mwenyewe:

−4 × 3 = −12
−4 × 2 = −8
−4 × 1 = −4
−4 × 0 = 0

Kila hatua jibu linapanda kwa 4. Muulize −4 × −1 itakuwa ngapi, kisha nyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kwa anayejua, na wasaidizi wengi hushindwa hapo hapo. Mwenzako atasema 4, na kwa kuwa ameifikia kwa miguu yake, atajua njia ya kurudi siku akiisahau. Baada ya hapo mpe (x − 3)(x − 5): x mara x ni x², x mara −5 ni −5x, −3 mara x ni −3x, na −3 mara −5 ni 15. Jibu ni x² − 8x + 15. Ndani ya swali hilo moja hasi zimejumlishwa zikabaki hasi, na zimezidishwa zikawa chanya. Mwombe akuonyeshe wapi ni wapi.

Na wewe, chukua kalamu. Cherono aliachiwa hili mvua ilipopungua, nanyi nawaachieni lile lile:

(3x² + x − 5) − (x² − 4x − 1)

Andika ule mstari wa katikati usioupenda. Halafu weka 2 mahali pa x, kwenye swali na kwenye jibu lako. Pande zote mbili zikikupa 14, nenda swali linalofuata. Zisipokupa, usifute kila kitu. Rudi kwenye mabano ya pili, uangalie kimoja kimoja ni kipi ambacho kijistari hakikukigusa.