Kijisanduku cha Kupunguza Umeme: Pima Kabla Hujanunua

Gridi ya Taifa ilifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukifika, wachuuzi nao hawako mbali. Wapo wanaouza kijisanduku cha kuchomeka kwenye soketi, wakidai kitapunguza yuniti za LUKU. Je, mwananchi wa Mabamba atoe fedha zake?

Tuchukue mfano wa jokofu. Ndani yake kuna mota, na mota huvuta mkondo unaochelewa nyuma ya volti. Sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi tu bila kufanya kazi. Ni kama baiskeli iliyobeba mahindi pamoja na magunzi yake: mnunuzi hulipia punje, lakini baiskeli hubeba vyote. Punje ndizo wati. Mzigo wote ni volti mara ampea. Ukigawa wati kwa mzigo huo, unapata kile mafundi wanachokiita pawa fakta. Ikiwa 1, hakuna gunzi hata moja.

Siku hizi kijana mpenda elektroniki anaweza kuipima kwa kibao kidogo cha kompyuta kama Arduino, kilichoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Lakini tahadhari kwanza! Volti 230 zinaua. Kibao kisiunganishwe moja kwa moja na waya za nyumba. Volti ipitie transfoma ndogo ya kushusha hadi volti 9, kisha ipunguzwe tena. Mkondo upimwe kwa transfoma ya kubana juu ya waya mmoja, bila kuuchuna. Nayo isiachwe bila kizuizi chake cha umeme.

Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kibao husoma volti na mkondo zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde. Kila jozi huzidishwa. Wastani wa majibu ni wati. Kisha kila kipimo huzidishwa kwa chenyewe, hutafutwa wastani, na kipeuo chake cha pili hutoa volti na ampea za kuzidisha. Njia hii hufaa hata kwa taa za LED, ambazo mkondo wake haufuati wimbi laini.

Tuseme jokofu linaonyesha ampea 1 na wati 150. Mzigo ni 230, pawa fakta ni 0.65. Chomeka kijisanduku, ambacho ndani yake kwa kawaida mna kapasita tu. Ampea zaweza kushuka hadi 0.7. Mchuuzi atashangilia! Lakini tazama wati: ni 150 zilezile. Na mita ya nyumbani huhesabu wati mara saa. Magunzi yamepungua, punje hazikupungua.

Basi kipimo hiki kina faida gani? Kinamfaa mwenye jenereta. Jenereta ya KVA 5 ikibeba mota zenye pawa fakta 0.7, itatoa kilowati 3.5 tu. Kinawafaa pia wenye viwanda wanaotozwa kwa KVA. Kwao, kapasita iliyopimwa vyema ni akiba ya kweli.

Lakini wewe wa taa tatu, redio na jokofu, fedha ya kijisanduku nunulia yuniti.