Je, Wajua? Nyota Nne za Chicago

Je, wajua kwamba bendera ya jiji la Chicago, Marekani, ilizaliwa na nyota mbili tu? Baraza la jiji liliipitisha tarehe 4 Aprili 1917, siku mbili kabla ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeibuni ni Wallace Rice, mwandishi aliyekuwa akifundisha historia ya bendera. Nyota zake mbili nyekundu zilikaa upande wa mlingoti, na sehemu iliyobaki ya mlia wa kati ikaachwa nyeupe. Ya tatu iliongezwa mwaka 1933, ya nne mwaka 1939.

Je, wajua kwa nini kila nyota ina pembe sita? Nyota za bendera ya Marekani zina pembe tano, na kila moja ni jimbo. Rice alishikilia kwamba jiji si jimbo wala dola, basi lisivae nyota isiyo yake.

Milia mitatu myeupe ni pande tatu za jiji: kaskazini, magharibi na kusini. Mashariki kuna Ziwa Michigan.

Milia miwili ya buluu ni maji. Wa juu ni ziwa lenyewe pamoja na tawi la kaskazini la Mto Chicago. Wa chini ni tawi la kusini na mfereji mkubwa unaounganishwa nalo. Mfereji huo una kisa chake. Mto ulikuwa ukimwaga uchafu wa jiji zima ziwani, na ziwani humohumo ndimo watu walimochota maji ya kunywa. Mwaka 1900 mfereji ulifunguliwa na mto ukageuzwa, ukaanza kutiririka kuliacha ziwa badala ya kuliingia. Ni miji michache duniani iliyofanya kazi ya namna hiyo, na sioni ajabu kwamba waliipa nafasi kwenye bendera.

Je, wajua kwamba moja ya nyota ni ya janga? Oktoba 1871 moto uliwaka kwa takriban siku mbili. Watu wapatao 300 walikufa, wengine kama 100,000 wakabaki bila makao, na majengo zaidi ya 17,000 yakateketea. Pembe sita za nyota hiyo zimepewa majina ya sifa ambazo jiji lilitaka kujijenga nazo: dini, elimu, sanaa, haki, ukarimu na fahari ya uraia. Miji mingi huficha siku yake mbaya. Hawa waliipandisha mlingotini.

Nyota inayofuata ni ya Maonyesho ya Dunia ya 1893, yaliyopokea wageni zaidi ya milioni 27 na kuuonyesha ulimwengu gurudumu la kwanza kubwa la kupandisha watu hewani, kazi ya mhandisi George Ferris. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana lake. Vitu vilivyokusanywa kwa ajili ya maonyesho hayo vilihitaji nyumba, ndipo likaanzishwa jumba la makumbusho linaloitwa leo Field Museum. Humo ndimo walimo wale simba wawili wa Tsavo waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898. John Henry Patterson, aliyewaua, alizitandika ngozi zao nyumbani kwake kama mazulia kwa miaka mingi kabla ya kuziuza kwa jumba hilo katika miaka ya 1920. Zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa, ndiyo maana simba wanaoonekana nyuma ya kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Tena ni madume wasio na manyoya ya shingoni.

Nyota ya 1933 ni ya maonyesho mengine, yaliyoadhimisha miaka 100 ya mji.

Sasa je, wajua kwamba nyota iliyoongezwa mwisho ndiyo inayokaa ya kwanza, karibu kabisa na mlingoti? Ni nyota ya Fort Dearborn, ngome ya jeshi iliyojengwa mwaka 1803. Nyota zimepangwa kwa mfuatano wa historia, hivyo ya 1939 iliwasogeza wenzake wote. Ngome ilichomwa na Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hilo, katika vita vya 1812. Ukipita leo kwenye makutano ya Michigan Avenue na Wacker Drive, tazama chini: vipande vya shaba vimepachikwa njiani kuonyesha kuta zake zilipopita.

Hapo ndipo ninapokwama. Kabla ya ngome alikuwepo Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyejenga nyumba na shamba karibu na mdomo wa mto miaka ya 1780. Mkewe, Kitihawa, alikuwa Mpotawatomi. Du Sable aliuza mali yake mwaka 1800, miaka mitatu kabla askari hawajajenga. Leo anatambuliwa kuwa mwanzilishi wa Chicago. Jiji lina daraja lenye jina lake, na mwaka 2021 barabara maarufu ya kando ya ziwa iliongezwa jina lake. Kwenye bendera hayumo. Hata pembe za nyota ya 1893, zinazotaja tawala zilizowahi kulimiliki eneo hilo, zinaanza na Ufaransa, kana kwamba kabla ya Wafaransa ardhi ilikuwa haina mwenyewe.

Wakazi wanaipenda bendera hii kweli. Iko kwenye fulana, vikombe na hata ngozi za watu, wamechanjwa wino. Polisi au zimamoto akifa kazini, mara nyingi jeneza lake hufunikwa kwa bendera hiyo. Mwaka 2004 jumuiya ya wataalamu wa bendera ya Amerika Kaskazini ilipima bendera za miji 150 ya Marekani: Washington ilishika nafasi ya kwanza, Chicago ya pili.

Nyota ya tano je? Imependekezwa mara kadhaa: wengine kwa heshima ya Harold Washington, meya wa kwanza mweusi, wengine kwa Olimpiki ya 2016, ambayo hatimaye ilikwenda Rio de Janeiro. Mimi ningempa du Sable, na ningeiweka mbele ya ile ya ngome.