Je, Wajua? Lundo la Mchanga Halikubali Kuchongoka

Lori likishamwaga mchanga pale kwenye ujenzi, chukua kipimapembe cha mtoto wa shule ukapime ubavu wa lundo. Mchanga ukiwa mkavu, utapata nyuzi 34 hivi. Dereva akileta tripu ya pili na ya tatu akamwaga juu ya hilo hilo, lundo litanenepa na kurefuka, lakini mteremko hautabadilika. Ndiyo maana kukadiria mchanga kwa macho kunawaponza wengi: lundo lenye kimo mara mbili ya lenzake lina mchanga mara nane.

Mteremko huo wahandisi huuita pembe ya kutulia. Punje hazikugandishwa na kitu. Zimekaliana tu, kila moja ikizuiwa na msuguano wa zile zilizo chini yake. Ubavu ukishafika kikomo, punje ya ziada haina pa kukaa, inaporomoka na wenzake. Punje za duara hutulia kwa mteremko mdogo, kokoto zenye kona hushikana na kusimama zaidi. Maji kidogo huzigandanisha, na watoto wa pwani hujenga nyumba za mchanga zenye kuta wima. Yakizidi, nyumba inakuwa uji.

Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, aliyewahi kusimamia ujenzi wa ngome kisiwani Martinique, aliwasilisha mwaka 1773 hesabu ya jinsi udongo unavyosukuma ukuta. Wahandisi wa kuta za kuzuia udongo wanaitumia hadi leo.

Kuna kidudu kinachoitegemea pembe hiyo ya kutulia kwa chakula. Bila shaka umeviona vile vishimo vya umbo la faneli kwenye vumbi kavu, chini ya upenu wa nyumba. Chini ya kila kimoja amejificha buu mwenye taya kama koleo. Huchimba mpaka kuta za shimo zifikie kikomo cha kutulia. Sisimizi akikanyaga ukingo, vumbi linateleza naye. Akijaribu kupanda, buu humrushia mchanga kutoka chini, na mteremko unaporomoka tena.

Huko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, lundo zima linatembea. Ni mchanga mweusi wa majivu ya volkano, wenye madini yanayovutwa na sumaku, umejikusanya kwa umbo la mwezi mwandamo wenye kimo cha mita 9 hivi. Upepo husukuma punje juu kwa mgongo wake hadi kileleni, zikifika huko zinaporomoka upande wa pili. Kwa mtindo huo husogea takriban mita 17 kwa mwaka, na bado umbo lake halivunjiki.

Mwaka 1987 wanafizikia Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld walitengeneza kwenye kompyuta lundo la kufikirika. Lilijipeleka lenyewe hadi ukingoni mwa kuporomoka, na punje moja iliweza kuangusha chache au kuteremsha ubavu mzima. Wengine wakaona humo ufunguo wa kueleza matetemeko ya ardhi na hata misukosuko ya masoko ya hisa. Mimi nawapenda zaidi watafiti wa Norway waliochukua mchele halisi wakaumwaga. Mwaka 1996 walitangaza kwamba mchele mrefu ulifuata nadharia, lakini punje fupi zilikwenda kinyume nayo. Umbo la punje lilikuwa na neno lake.

Umbo na ukubwa vinafanya jambo jingine, na hili linamgusa mwenye ghala. Mimina mchanganyiko wowote kutoka juu, uangalie chini: kokoto kubwa zimebiringika hadi ukingoni, vumbi limebaki katikati. Kwa mahindi ni vivyo hivyo. Chenga na vumbi hukaa kwenye kiini, huziba nafasi kati ya punje, hewa haipiti, joto na unyevu vinanaswa, na ukungu huanzia humo. Mnunuzi anayechota kiganja pembeni mwa lundo ameona punje nzuri tu. Anayejua kazi hupenyeza bambo lake sehemu kadhaa, na katikati halikosi kufika.