KUJIDHURU SI KUJITAKIA

Leo tujifunze neno moja la afya. Neno hilo ni KUJIDHURU.

Kudhuru ni kuleta madhara. Ukiongeza "ji", madhara yanakupata wewe mwenyewe. Ni kama kukata na kujikata, kuchoma na kujichoma.

Tutazame mifano ya huku kwetu Kilwa na Lindi.

Mkulima anapuliza salfa kwenye mikorosho. Hakufunika pua wala macho. Macho yanawasha, kifua kinabana. Amejidhuru kwa kutojikinga.

Mvuvi anavua kwa baruti. Sheria inakataza. Baruti huvunja matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki. Ikilipuka mapema, humkata mvuvi mkono. Amejidhuru kwa kutaka samaki wengi kwa haraka.

Mtu mwingine ana majonzi makubwa. Hali vizuri, halali, tena anajiumiza. Huyu pia anajidhuru. Majonzi yamemzidi nguvu.

Hapo wengi wetu husema, "Kajitakia!" Tena huongeza methali: "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Methali hiyo inafaa kumwonya mtu kabla hajaumia. Akisha kuumia, haimsaidii.

Kujitakia ni kuyataka madhara yenyewe. Lakini mkulima alitaka korosho. Mvuvi alitaka samaki. Mwenye majonzi alitaka maumivu ya moyo yaishe. Tukiwacheka, watajificha nyumbani. Kidonda kitaoza ndani, na majonzi yatazidi.

Basi, fanya hivi:

1. Salfa ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi. Kisha nenda zahanati. Siku nyingine funika pua, mdomo na macho kabla ya kupuliza.

2. Mtu akitoka damu nyingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi. Usiachie. Mwahisheni hospitali. Habari ya kosa lake itazungumzwa baadaye.

3. Mtu akisema anataka kujidhuru, usimcheke wala usimgombeze. Msikilize. Usimwache peke yake. Ondoa sumu za shambani karibu naye. Mpeleke zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyejidhuru ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Mpe pole kwanza, kisha mpe msaada.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kudhuru na kujidhuru vina tofauti gani?
2. Kijijini kwenu, ni kazi gani watu hujidhuru kwa kutojikinga?
3. Jirani yako akijidhuru, utamwambia neno gani la kwanza?